Ritifaa Ni 39: Mafunzo Niliyopata kwa Herufi za Java

Kazi yangu kubwa ni kuandika programu zinazopokea majina ya watu: usajili wa wanachama, orodha za wanafunzi, risiti, ujumbe mfupi wa kukumbusha marejesho ya mkopo. Ninaandika kwa Java, na jioni ninawafundisha vijana wanaoanza lugha hiyo. Huku na huku nimekutana na jambo lile lile. Jina linapopotea, linapokataliwa na fomu au linapochapwa kwa alama za ajabu, mara nyingi chanzo ni mtu aliyeiangalia herufi kwa macho akaridhika. Kompyuta haina macho ya kuona umbo la herufi, inashika namba tu. Anayetaka Kiswahili na majina yetu yakae salama ndani ya programu hana budi kuzoea kuiuliza kila herufi namba yake. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuuliza.

1. Herufi ni namba kabla ya kuwa herufi

Aina ya data iitwayo char katika Java ni namba kamili ya biti 16 isiyo na upande wa hasi. Inaanzia 0 na kuishia 65,535. 'A' ni 65, 'a' ni 97, tarakimu '0' ni 48, nafasi tupu ni 32. Namba 0 hadi 127 zimerithiwa kutoka ASCII, kiwango cha Marekani kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1963 kikiwa na herufi kubwa tu. Herufi ndogo ziliingia katika toleo la 1967. Zilipangwa vizuri: zinafuatana kwa utaratibu wa alfabeti, na kila herufi ndogo iko hatua 32 mbele ya kubwa yake.

Kwa kuwa ni namba, herufi inajumlishika. Huu ndio mstari ninaouandika ubaoni siku ya kwanza:

System.out.println('a' + 'b');

Darasa zima husema itatoka ab. Inatoka 195, yaani 97 na 98. Java ikikuta char kwenye hesabu huigeuza kwanza kuwa int, na jibu linabaki int. Ukitanguliza stringi tupu, ukaandika "" + 'a' + 'b', unapata ab. Ukiiweka mwishoni, 'a' + 'b' + "", unarudi kwenye 195, kwa sababu kujumlisha kunasomwa kutoka kushoto: namba mbili zimeshaunganishwa kabla stringi haijafika.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kompaila inakataa c = c + 1 pale c ilipo char, huku ikikubali c++ na c += 1. Ile ya kwanza inataka kuingiza int ya biti 32 kwenye chombo cha biti 16 bila idhini yako, na unatakiwa uandike c = (char) (c + 1). Zile nyingine mbili zina ugeuzaji huo ndani yake. Na char d = 'A' + 1 inapita, maana pande zote mbili ni thamani zisizobadilika na kompaila inaweza kukokotoa yenyewe ikaona 66 inaenea.

Kuna mtego mmoja ambao huwa siuachi upite darasani. new StringBuilder('H') haitengenezi maandishi yenye H. Hakuna njia ya kuunda StringBuilder kwa char moja, hivyo Java inaichukua 'H' kuwa namba 72 na kukupa chombo kitupu chenye nafasi 72. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Herufi ya kwanza ya jina inatoweka kimya kimya.

2. '7' haina thamani ya 7

Namba ya '7' ni 55. Ukitaka 7 halisi unatoa 48, na njia iliyo wazi zaidi ya kuandika hivyo ni c - '0', ili anayesoma baada yako asijiulize 48 imetoka wapi.

Mahali ninapopenda kulionyesha hili ni kwenye IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Watu wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafuata Juni 2016, na kila mtu akajifunza kubonyeza *#06#. Tarakimu ya mwisho ya IMEI ni ya ukaguzi. Inapatikana kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1960: kutoka kulia, kila tarakimu ya pili inazidishwa kwa 2, ikizidi 9 inapunguzwa 9, jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10 bila baki.

int jumla = 0;
boolean zidisha = false;
for (int i = imei.length() - 1; i >= 0; i--) {
    int t = imei.charAt(i) - '0';
    if (zidisha) {
        t = t * 2;
        if (t > 9) t = t - 9;
    }
    jumla = jumla + t;
    zidisha = !zidisha;
}

Chukua 490154203237518, mfano unaotumika sana kufundishia. Tukianzia kulia: 8 inabaki 8, 1 inakuwa 2, 5 inabaki, 7 inakuwa 14 kisha 5, na kuendelea mpaka 4 ya mwanzo. Jumla ni 60, inagawanyika kwa 10, IMEI ni halali.

Sasa futa zile alama chache, - '0', uache int t = imei.charAt(i). Programu inakusanywa bila malalamiko na inakimbia mpaka mwisho. Lakini sasa 8 imeingia kama 56, 1 imeingia kama 49 ikazidishwa, na jumla inatoka 1,071. Baki ni 1. Simu halali imehukumiwa kuwa bandia na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wajaribu kila ukaguzi wa aina hii kwa namba ambayo jibu lake wanalijua kwa kalamu na karatasi.

Wengine hukimbilia Character.getNumericValue wakidhani itawapa 65 kwa 'A'. Inatoa 10, na kwa 'a' pia 10, mpaka 35 kwa 'Z', kama herufi zinavyotumika katika hesabu za kizio kikubwa kuliko kumi. Kwa alama ya Kirumi ya hamsini, Ⅼ, inatoa 50. Kwa ½ inatoa -2, na kwa kisicho na thamani yoyote ya hesabu inatoa -1. Ukitaka 65, andika (int) 'A'.

3. Safu ya nafasi 26 haikukitarajia Kiswahili

Zoezi la kuhesabu herufi za sentensi liko karibu katika kila kitabu cha Java. Unatengeneza safu ya nafasi 26, kisha kwa kila herufi unaandika idadi[c - 'a']++. 'a' inaangukia nafasi 0, 'b' nafasi 1, 'z' nafasi 25. Ni mbinu nzuri na ya haraka, na kwa sentensi ya kitabuni inafanya kazi.

Wape wanafunzi sentensi hii: ng'ombe wa maskini hazai. Programu inakatika kwenye herufi ya tatu. Java inasema nafasi -58 haipo kwenye safu yenye urefu wa 26. Hapo ninawaacha wapige hesabu wenyewe: 97 ya 'a', na nini kinachotoa -58? Ni 39. Ni ritifaa.

Ninalipenda zoezi hili kuliko yote kwa sababu linaonyesha kilichofichwa ndani ya mfano wa kitabu. Safu ile ilijengwa kwa alfabeti ya Kiingereza. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, hivyo nafasi ya 16 na ya 23 zitabaki sifuri karibu siku zote, huku alama ambayo bila yake ng'ombe hawezi kuandikwa haina pa kukaa. Suluhisho si gumu. Ukitumia Map<Character, Integer>, kila kinachotokea kinapata hesabu yake. Au ukiendelea na safu, uulize kwanza kama c iko kati ya 'a' na 'z', na useme wazi kwenye msimbo unafanya nini na zisizokuwemo. Mtu akiandika if ya kuziruka bila maelezo, huwa namuuliza: ritifaa umeihesabu wapi?

4. Ritifaa ziko nyingi

Hili ndilo funzo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi.

Fikiria karani anatafuta wanachama wote wa Chang'ombe. Anaandika Chang'ombe kwenye kisanduku, anapata watu kadhaa. Anajua wapo zaidi. Anapekua kurasa, anawaona hao wengine kwa macho yake, Chang’ombe imeandikwa vizuri kabisa, ila utafutaji hauwaoni. Hifadhidata haina kosa. Karani hana kosa.

Hatua ya kwanza ninayochukua ni ile ile kila mara: nachapa jina kama namba.

for (char c : jina.toCharArray())
    System.out.print((int) c + " ");

Kwa Ng'ang'a iliyoandikwa kwa kibodi ya kawaida ya kompyuta inatoka 78 103 39 97 110 103 39 97. Kwa Ng’ang’a iliyotumwa kutoka kwenye simu, pale penye 39 huwa panatokea 8217. Kwenye skrini tofauti ni mkunjo mdogo wa alama ambao wengi hawauoni kabisa. Kwa Java ni maneno mawili yasiyohusiana, na equals inajibu false.

Hiyo 8217 inatoka wapi? Word huikunja ritifaa yenyewe unapoandika. iPhone zinafanya hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, mtumiaji asipozima kipengele hicho. Mtu anayejaza fomu kwa simu hakuchagua 8217, amechaguliwa. Na si hizo mbili tu. Nimekuta 8216, inayokunjwa upande wa pili. Nimekuta 96 na 180, alama za lafudhi zilizo karibu na ritifaa kwenye baadhi ya kibodi. Ipo pia 700, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili. Na hapa Java ina jambo la kushangaza kidogo: Character.isLetter inajibu true kwa 700, lakini inajibu false kwa 39 na kwa 8217, kwa kuwa hizo mbili zimewekwa kwenye kundi la alama za uandishi.

Madhara yake si madogo. Mtayarishaji wa fomu akiweka kanuni kwamba jina liwe na herufi tu, ama kwa isLetter ama kwa [A-Za-z]+, amewafungia mlango akina Ng'ang'a, Nyang'au na Ng'wandu wote. Fomu inawaambia jina lao si sahihi. Nimeona mtu mzima akifuta ritifaa kwenye jina la baba yake ili aweze kusajiliwa, kisha baadaye jina la kwenye mfumo halilingani na la kwenye kitambulisho, na mzunguko wa barua na viapo unaanza. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana linazuilika kwa mstari mmoja. Kanuni ya ukaguzi inaweza kuandikwa ikubali herufi za lugha yoyote, ritifaa, kistari na nafasi.

Siku hizi kila jina linaloingia kwenye programu zangu linapita mlangoni kwanza: 8216, 8217, 96, 180 na 700 zote zinakuwa 39. Jina linahifadhiwa hivyo, na neno la kutafutia linapitishwa mlango huo huo kabla ya kulinganishwa. Baada ya hapo Chang'ombe ni moja, Lang'ata ni moja, Murang'a ni moja, Nyang'hwale ni moja, hata iwe imeandikwa kwa simu gani.

Na kwa kuwa 39 hiyo hiyo ndiyo inayofunga maandishi katika amri za SQL, jina lolote lisiunganishwe kwa + ndani ya amri. PreparedStatement ipo kwa kazi hiyo. Bila hiyo, Ng'ang'a wa kwanza kujisajili ataivunja amri katikati, na mwenye nia mbaya ataivunja kwa makusudi.

5. Ngũgĩ ana herufi tano, au saba

Majina ya Kikuyu na Kikamba yana ĩ na ũ. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o linabeba karibu kila tatizo ninaloeleza hapa, kwa hiyo nalitumia darasani kama mtihani: programu yako ikilishika bila kulijeruhi, tunaweza kuendelea.

Chukua Ngũgĩ peke yake. Unicode inaruhusu liandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni 78 103 361 103 297, herufi tano, ũ ikiwa na namba yake kamili 361 na ĩ namba 297. Ya pili ni 78 103 117 771 103 105 771, herufi saba: u ya kawaida ikifuatwa na 771, kiwimbi kinachopanda juu ya herufi iliyotangulia. Kwenye skrini ni kitu kimoja. length() inasema 5 kwa moja na 7 kwa nyingine. Njia ya pili hujitokeza hasa kwenye majina ya mafaili yaliyotoka kwenye kompyuta za Mac, kwa sababu mfumo wao wa zamani wa mafaili, HFS+, uliyahifadhi hivyo.

Normalizer.normalize(jina, Normalizer.Form.NFC) inayarudisha yote kwenye umbo la kwanza. Nimeiweka kwenye mlango ule ule wa ritifaa.

Ninachokataa ni mbinu ninayoiona mara nyingi: kuvunja jina kwa njia ya pili kisha kufuta kila 771 ili libaki Ngugi, eti kwa urahisi wa kutafuta. Tengeneza nakala hiyo kwa ajili ya kutafutia ukipenda, ukae nayo kwenye safu wima yake. Jina lenyewe libaki kama mwenyewe alivyoliandika.

6. Si kila tarakimu ni kati ya 48 na 57

Waswahili wa Oman na wa Ghuba wana simu zenye kibodi za Kiarabu, na namba inaweza kufika ikiwa ٢٥٥ badala ya 255. Haipaswi kutushangaza sisi. Pwani yetu iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi kushika nafasi.

Character.isDigit('٢') inajibu true. Kwa haki kabisa, ni tarakimu. Lakini namba yake ni 1634, na ukifanya '٢' - '0' unapata 1586. Kwa hiyo ukaguzi wa isDigit ukifuatwa na kutoa '0', kama walivyozoea wengi, unaruhusu tarakimu iingie kisha unaiharibu. Tumia Character.digit(c, 10), inayotoa 2 kwa 2 na kwa ٢ vilevile, na -1 kwa kisichokuwa tarakimu. Integer.parseInt nayo inazikubali. Ila \d kwenye kanuni za ukaguzi za Java, usipoiamuru vinginevyo, inatambua 0 hadi 9 za kawaida tu. Yaani ndani ya programu moja, sehemu mbili zinaweza kubishana kama ٢ ni tarakimu. Chagua moja uishikilie.

7. Usigeuze kuwa char mapema

Hili ni fupi. Reader.read() inarudisha int ingawa inasoma herufi, na sababu yake ni nzuri: inahitaji thamani moja nje ya 0 hadi 65,535 ya kusema faili limekwisha, nayo ni -1. Anayeandika char c = (char) reader.read() kisha akangoja c iwe -1 atangoja milele. (char) -1 ni 65,535, na 65,535 haitakuwa sawa na -1. Kitanzi hakifiki mwisho. Pokea kwa int, linganisha na -1, ndipo ugeuze.

8. Baiti zina namba zake pia

Kila aliyewahi kufungua orodha ya majina kwenye Excel ameona kitu kama ngâ€™ombe. Huo si uchafu wa bahati nasibu, unasomeka. Ritifaa ya 8217 katika UTF-8 inachukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayodhani faili limeandikwa kwa Windows-1252 inazisoma moja moja, ya kwanza inakuwa â, ya pili €, ya tatu ™. Ukiona mfuatano huo, unajua papo hapo palikuwa na ritifaa iliyokunjwa, iliandikwa kwa UTF-8, na msomaji wake alikuwa na jedwali jingine. Ukiona Å© katikati ya jina, palikuwa na ũ.

Ukizichapa baiti hizo kwenye Java usishangae kuona -30, -128 na -103. Aina ya byte ina upande wa hasi, kuanzia -128 hadi 127, tofauti na char. Andika b & 0xFF upate 226, 128 na 153.

Kabla ya Java 18, iliyotoka Machi 2022, Java isiyoambiwa jedwali la kutumia ilifuata la mashine iliyopo. Programu iliyokuwa nzima kwenye kompyuta ya mtayarishaji ilivuruga majina ikifika kwenye seva. Tangu toleo hilo chaguo-msingi ni UTF-8. Bado ninataja StandardCharsets.UTF_8 kila ninapofungua faili, maana ofisi nyingi ninazohudumia zina Java ya zamani na zitakaa nayo.

9. Biti 16 hazikutosha

Mwishoni mwa miaka ya 1980, walioanza kubuni Unicode waliamini kuwa biti 16 zingebeba herufi zote zinazotumika duniani. Unicode 1.0 ilitoka 1991, na Java ilipotoka Januari 1996 ikaichukua imani hiyo: char ni biti 16. Julai mwaka huo huo Unicode 2.0 ikafungua njia ya kwenda mbali zaidi, na leo kikomo chake ni 1,114,111. Java haikuweza kupanua char bila kuvunja programu zilizokwisha kuandikwa. Tangu Java 5 ya mwaka 2004, kilichozidi 65,535 kinabebwa na int, na ndani ya stringi kinakaa kama char mbili.

Kicheko 😀 ni 128,512. Ndani ya stringi ni 55,357 ikifuatwa na 56,832, na length() inasema 2. Ukikata maandishi kwa substring ili yatoshe kwenye safu wima ya herufi 20, unaweza kukata kicheko katikati, na nusu iliyobaki ikiandikwa kwa UTF-8 inageuka alama ya kuuliza. codePoints() inazipitia ipasavyo, kila moja kwa namba yake kamili.

10. Alfabeti ya SMS ina hesabu yake, na hesabu hiyo ina bei

Ujumbe mfupi wa simu hautumii namba za Java. Una alfabeti yake ya GSM ya biti 7, ambamo @ ni 0 wakati kwa Java ni 64. Maandishi yakiwa yote ndani ya alfabeti hiyo, SMS moja inabeba herufi 160. Ikiingia hata herufi moja isiyokuwamo, ujumbe mzima unahamia kwenye biti 16 na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe mrefu unaogawanywa unabeba 153 kwa kila kipande kwa njia ya kwanza, na 67 kwa ya pili.

Ritifaa ya 39 imo kwenye alfabeti ya GSM. 8217 haimo. Sasa chukua ujumbe wa herufi 150 wa kuwakumbusha wanachama mkutano wa Chang'ombe. Kwa 39 ni SMS moja. Mtu akiuandika kwenye Word akaunakili, ritifaa ile moja imekunjwa, na ujumbe ule ule unakuwa vipande vitatu. Kikundi kinalipa mara tatu kwa kila mwanachama, na anayepitia ankara hawezi kuona kwa nini, kwa sababu ujumbe kwenye skrini yake ni ule ule. Programu zangu za kutuma SMS sasa zinamwonyesha karani idadi ya vipande kabla hajabonyeza tuma, pamoja na herufi iliyosababisha na namba yake.

Kugeuza 8217 kuwa 39 hakumnyang'anyi mtu chochote. ĩ na ũ ni jambo jingine. Nazo hazimo kwenye alfabeti ya GSM, na nimeombwa zaidi ya mara moja niziondoe kwenye majina ili gharama ishuke. Ninachofanya ni kupunguza maneno yanayozunguka jina mpaka ujumbe uenee ndani ya herufi 70. "Mpendwa mwanachama, tunapenda kukukumbusha kuwa" inaondoka yote. Linabaki jina la mtu na alama zake, kiasi anachodaiwa, na tarehe ya mwisho ya kulipa.